Mti Usioomba Maji

Mpaka leo kirikuu, kile kigari cha mizigo, kikipiga honi nje ya geti langu hapa Kagongwa, moyo unaniruka kwanza. Kisha nakumbuka kwamba Mayu, mama yangu, hajaenda popote, nashusha pumzi, nacheka peke yangu kama mwehu.

Nilimleta kutoka kijijini, mbele ya Segese, baada ya kuanguka na ndoo ya maji kichwani. Baba alishafariki, nyumba ilikuwa tupu, akalala pale njiani mpaka jirani aliporudi kutoka shamba. Nilipopata habari nilifoka mpaka nikakaukiwa sauti. Nikamfuata, nikamweka kwenye kochi langu, nikatoa amri: Mayu, hufagii, huchoti maji, hupiki. Umefanya kazi ya kutosha. Kaa.

Akakaa. Uso ukamshuka. "Nimekuwa mgeni asiyeondoka," aliniambia asubuhi moja nikijiandaa kwenda kwenye mashine ya mpunga, ninakouza mchele. "Kaka yako akimaliza kuvuna aje anichukue. Narudi kwangu." Kaka naye, bila haya, akakubali kwenye simu. Nikaanza kuyaogopa mavuno, mimi ambaye mkate wangu wote unatoka humo. Kule angeanguka tena, na safari hii jirani angeweza kuwa amesafiri.

Nikapata wazo: nimpe kitu cha kulea. Mwanamke aliyekuza ndama kwa mikono yake hawezi kushinda anatazama ukuta. Pale Kahama kuna mama mmoja wa Kihindi, duka la vyombo wamelirithi tangu kwa babu yao, na mlangoni hupanga maua ya vyungu. Nikachagua moja lenye majani manene, yamejaa kama vidole vya mtoto mchanga. Jina lake la kizungu nililisahau kabla sijafika stendi. Nimeshalipa ndipo akaniambia, "Huu, dada yangu, usiusumbue. Maji mpaka udongo ukauke kabisa." Lo! Nimemnunulia mama kazi isiyo na kazi.

Mayu aliuzunguka pale mezani. "Hauombi maji? Na unaishi? Huo una mambo yake."

Sasa, kwetu Shinyanga maji hayamwagwi ovyo. Mgeni akibakiza kwenye glasi, hayo ni ya mti au ya kuku, na kuku sina. Majani yakageuka njano, yakalainika, yakaanza kudondoka. Nikarudi jioni na uchovu wangu na pumba kichwani, nikayaona, nikapayuka: "Mayu, umeuua mti kwa maji!"

Akaniangalia kwa utulivu. "Mimi sijaugusa. Uliniambia nisiguse kazi yoyote. Wewe unamwaga asubuhi, akina mama wa jumuiya ya kanisani wakija kuniona wanamwaga, hata mchungaji amemwaga. Mimi nimekaa tu, nawatazama."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. "Basi utunze wewe," nikasema, kwa kiburi zaidi kuliko adabu.

Hakungoja nirudie. Aliung'oa, akakata mizizi iliyooza, akaulaza dirishani mpaka kidonda kikauke. Akanituma mchanga. Kisha akaupanda kwenye ndoo ya mafuta ya kula aliyoitoboa kitako kwa msumari, akaiweka pembeni ya kochi, akakaa nayo. Ole wake aliyeinua glasi! "Weka chini hiyo! Nani kakwambia una kiu?" Mchungaji mwenyewe alinyang'anywa glasi mkononi. Majirani wakaanza kuja kumwona bibi anayelinda mti dhidi ya maji, na wakija wanakaa, wanapiga soga. Jioni nilikuwa nasikia kicheko chake nikiwa bado barabarani, ila sikuthubutu kumwuliza kama ameghairi.

Kaka akaja na kirikuu, akapiga honi getini. Mfuko wa Mayu ulikuwa umesimama mlangoni. Kumbe aliufunga alfajiri. Nikampa kaka maji. "Mayu, twende jua halijapanda," akasema, akanywa, halafu, kama mtoto aliyelelewa vizuri, akainamisha glasi kuelekea kwenye ile ndoo.

"We!" Mayu alimchapa kofi mkononi, maji yakamrukia suruali. Kisha akauinamia mti. Jani jipya, dogo, lilikuwa limechomoza. Akamtazama kaka, akanitazama mimi, akautazama mfuko.

"Siendi," akasema. "Nikiondoka, hawa watauua. Watu wa huruma hawa, hawajui kukiacha kitu kipumue."

"Na nyumba yako?"

"Ile ni matofali. Itanisubiri."

Ee Mungu wangu! Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa nitaharibu, nikakimbilia jikoni nikalia na kucheka juu ya sufuria ya wali. Sijawahi kufurahi vile, hata mchele upande bei vipi.

Niliporudi alikuwa amechomeka kidole kwenye udongo. "Umekauka mpaka chini. Leo ni siku yake," akasema. Akachukua kikombe, akainuka kwenda kuchota uani.

Nikanyanyuka nimwahi. Kaka akanitazama tu. Nikakaa.

Tukasikia kikombe kikigonga ndoo, kisha miguu yake ikirudi polepole.