Sabuni ya Unga na Majiwe ya Mukwe Wangu

Ile haya iko inanikamata mpaka leo, na minyi naelezea tu kwa sababu jirani yangu Mama Kalenga anaielezeaka ku soko na anaongezaka chumvi, heri musikie kwa kinywa yangu mwenyewe.

Mukwe wangu Kabamba, bwana ya binti yangu Ngoie, tangu kazi ya reli ilisimama anachimbaka majiwe, si ya shaba, hapana, ni yale ya kukata na kutengeneza bijou, mapambo ya shingo na vidole, yenye kuwaka buluu mu giza ukimulika na ile taa ya kupimia madolari kama si ya bandia. Siku moja analeta mufuko kwangu (maana njo kwangu kuko salon ya kupokelea bageni), anauacha ku mulango, anaenda nyuma ya ukuta, anapitishia maneno kwa Ngoie, maana kwetu Baluba mukwe na mama ya muke yake habaangaliane: "Ambia mama, Papa Théo wa Lubumbashi anakuja mchana. Akikataa leo, sina mununuzi mwingine."

Nafungua mufuko: matope matupu! Nani anapokeaka mugeni na uchafu? Nachukua beseni, natia sabuni ya unga, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, naloweka, nasugua na burosi mpaka vidole vinauma.

Nikiwa nimepiga magoti mu kona, nakusanya beseni, banaume babili banaingia bila kuniona, na Papa Théo, mutu wa haraka, anafunga mulango na madirisha. Mu giza, chumba moja na mukwe! (Marehemu mama yangu angezimia.) Ile taa ya madolari inawaka. Yesu wangu! Majiwe yote buluu, hata changarawe, na burosi buluu, na mikono yangu buluu, na chini ya kikwembe changu, kitenge cha kujifunga, chenye kilikuwa kimepanda, jupon nayo, nguo ya ndani nyeupe niliyofua na sabuni ile ile, inawaka kama mwezi.

"Kabamba! Umepaka majiwe dawa!" Papa Théo anapiga kelele. "Nitaambia banunuzi bote!"

Kabamba amegeukia ukuta, amefunika macho. Kujitetea ni kugeuka, na kugeuka ni kuniona. Basi njo minyi nilisema, mbele ya mukwe: "Papa, si yeye. Ni minyi. Ni sabuni yangu njo inawaka."

Papa Théo alicheka mpaka alikaa chini, mulango ilifunguliwa, na inje balikuwa bajirani: Mama Kalenga, Mama Numbi na Banze mwenye kuuza mikate, bote masikio mbele.

Majiwe ilisuguliwa tena na maji matupu, ikamulikwa (minyi nilikuwa nimekimbilia kwa Mama Numbi). Mengi ilizima kabisa. Machache ilibaki inawaka toka ndani, na yale Papa Théo alinunua, akaagiza mengine.

Kesho yake Kabamba alituma kuku, vile desturi inaomba, ya kuondoa haya kati yetu. Ngoie alimuleta, midomo inamutetemeka kwa kucheka.

"Mama, bwana yangu anasema usisumbuke. Alifunga macho, hakuona kitu, hata ile jupon yenye kupasuka ku magoti."

Kuku nilikula. Lakini majiwe ya mukwe sitagusa tena, yakuje na matope yake, na weye Ngoie, acha kucheka, niletee sindano.