Mgongo wa Baba

Harufu ya sabuni ya mche kwenye kaki iliyokauka juani hunirudisha mtaani kwetu Namakwekwe, mjini Mbale, kwenye mgongo wa baba. Niliupanda mara moja tu.

Baba alirudi Mbale kutoka vitani nikiwa na miaka sita. Alikuwa mpole, na alinibebea kila kitu isipokuwa mimi mwenyewe. Nikimwomba anipandishe mgongoni, alisema mgongo unamuuma. Lakini sokoni nilimwona akibeba magunia ya mahindi kichwani! Rafiki yangu Zaina alibebwa kila jioni na baba yake, mzee wa kukohoa, na akipita kwetu alihakikisha namwona. Niliumia, jamani. Niliamini baba hanipendi.

Alasiri moja alikuwa amechutama uani akitia udhu. Nikanyemelea, nikamrukia mgongoni. Nilingoja kukaripiwa. Badala yake alisimama polepole, akaishika miguu yangu, akashika barabara ya kuelekea mlima Wanale. Tukampita Zaina, mdomo wazi. Furaha niliyokuwa nayo!

"Juma," baba akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini, "usilale, ndugu. Jinja iko karibu."

Mimi si Juma, na Jinja haikuwa upande huo. Nikadhani ni mchezo. Nikajilegeza kama aliyelala, ili asinishushe.

"Juma, nasikia mimi? Jibu basi. Mama yako nangoja Budondo."

Nikazidi kunyamaza, nikibana kicheko. Akaita tena, sauti ikamkatika. Kisha akapiga magoti, akanilaza kando ya njia taratibu, akapitisha kiganja juu ya macho yangu kuyafumba, nayo nilikwisha kuyafumba. Akalia. Mama alikuja mbio, akaturudisha nyumbani.

Nilikuwa nimeshaolewa Mama aliponieleza. Juma alikuwa rafiki wa baba jeshini, kijana wa Budondo. Alipopigwa risasi, baba alimbeba mgongoni kutwa nzima kumpeleka kwao, akimwongelesha njiani. Hakujua ni wapi Juma alipoacha kumsikia. Ndipo nilipoelewa kwa nini hakutaka kuniweka pale.

Baba alipougua ugonjwa wake wa mwisho, alianza kumwita Juma. Niliitika kila mara, hata nikiwa jikoni na mwiko mkononi.

"Niko hapa, ndugu. Nasikia wewe."

"Nabeba wewe vizuri?"

"Vizuri sana," nilimjibu, na machozi yakinitoka.