Diski Zilizopewa Jina Jipya

Generoza wa Magomeni, Kilosa, ukimwambia jambo haliwezekani anakushukuru, maana umempa kazi. Chuo kimoja cha uuguzi huko Mikumi kilimwajiri atunze seva yake: boksi la chuma lenye diski nne zilizoungwa zikafanya kazi kama moja, na humo ndani kompyuta tatu zisizoshikika, zilizoundwa kwa programu tu, kila moja na shughuli yake. Mojawapo ilibeba alama zote za wanafunzi tangu mwaka wa kwanza.

Jumatano asubuhi akapandisha toleo la Linux, mfumo unaoiendesha seva. Seva ikazimika, ikawaka, ikaandika kwamba md0 haipo. Md0 ndilo jina la zile diski nne kwa pamoja. Zile kompyuta tatu nazo zikagoma kuamka, kwani hazikuwa na pa kukaa. Na mahafali ni Jumamosi.

Fundi wa Dar es Salaam alipopigiwa simu hakuzunguka. "Diski zimekufa. Futa, anza upya, halafu rudisha nakala ya akiba."

"Nakala si tunayo?" akauliza Mkuu wa chuo, Mzee Herman.

"Ipo, Mkuu," akasema Generoza. Ipo kweli, ila aliihifadhi humo humo, kwenye diski zile zile. Jamani, msomi mzima! Akaomba nusu saa.

Dakika ishirini zikayeyuka bila la maana. Nje ya dirisha mlinzi Lukasi alikuwa akimwamkia mzee aliyetoka Kidete kumtafuta binti yake, Sikuzani.

"Hapa hakuna Sikuzani, mzee wangu. Watu wa hapa nawajua wote."

"Anapika hapa, mwaka wa sita huu."

"Anayepika hapa ni Mama Ziada."

"Ziada ni mjukuu wangu," mzee akasema.

Generoza akacheka peke yake mpaka kiti kikasogea. Mtu umekula ugali wake miaka sita, halafu unaapa humjui! Ghafla akaacha kucheka. Vipi kama diski nazo hazijafa, zimepewa jina jingine tu?

Akachungulia orodha. Zote nne zipo, nzima kabisa, ila Linux mpya imeziita md127. Basi akaachana na majina. Akaielekeza seva itafute ile namba ndefu iliyoandikwa ndani ya diski zenyewe, isiyobadilika hata ziitweje. Akawasha. Kompyuta ya kwanza ikaamka, ya pili ikafuata, ya tatu hiyo.

Mzee Herman alimkuta akicheza katikati ya nyaya, viatu mkononi, alama zimejaa kwenye skrini. Kwa furaha Generoza maneno yakamponyoka.

"Afadhali hatukufuta, Mkuu, maana nakala ilikuwa humo humo."

Mzee Herman akavua miwani. "Humo humo wapi?"

"Kwenye diski hizo hizo."

Mkuu akatafuta kiti, akakaa. "Yaani tungefuta alama za watoto wa watu, halafu tugeuke kuitafuta akiba..."

"Tusingeikuta."

Midomo ikamcheza Mkuu, akashindwa kujizuia. Wakacheka wote wawili mpaka machozi.

"Basi la Morogoro linapita saa ngapi?" akauliza Mkuu akijifuta.

"Sasa hivi, lakini sijala, Mkuu."

"Utakula Morogoro, ukishanunua diski ya akiba. Na ukirudi nayo, itakaa ofisini kwangu."