Mguu Uliokandwa na Mama

Siku ukano wa kisigino ulipomkatika, Matano wa Mtongwe alikuwa ndani ya kaburi, na maneno mawili yaliyomtoka siku hiyo yalimtesa kuliko mguu wenyewe.

Walikuwa wakimzika mzee mmoja jirani, jua limesimama utosini. Matano na wenzake wawili walishuka kumpokea maiti na kumlaza ndani ya mwanandani, ile nafasi inayochimbwa ubavuni mwa kaburi, upande wa kibla. Kazi yake ya kula ilikuwa uashi. Hii ya makaburini aliifanya kwa thawabu. Mbao zikapangwa, nyufa zikazibwa kwa udongo, wenzake wakatoka. Yeye, kama ada yake, akawa wa mwisho. Akakanyaga kidato cha udongo kwa mguu wa kulia, akajisukuma juu. Pa! Akahisi ametandikwa teke la kisigino kwa nyuma, teke la haja. Akaanguka kwa magoti, akageuka, na kabla hajafikiri akauliza kwa sauti, "Nani huyo?"

Nyuma yake palikuwa na mbao tu, na yule aliyelala nyuma ya mbao.

Watu kama arubaini walimsikia. Basi tena! Kufika alasiri, habari zilikuwa zimeshavuka feri na kurudi: Matano kapigwa teke na maiti. Watu wazima na ndevu zao, wanaosimama safu ya kwanza msikitini, wallahi, wakasema kaburi limemkataa. Hata mmoja hakuuliza mguu umevimba kiasi gani.

Mamake ndiye aliyeuliza. Bi Dhahabu alikuwa mkandaji, na hapa Likoni nzima, kuanzia Mtongwe hadi Timbwani, aliyeteguka au kushikwa na kiuno alipelekwa kwake kabla ya kupelekwa kwingine. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu miaka mingi, lakini mikono ilikuwa ikiona. Alimlaza mwanawe mkekani, akapitisha vidole nyuma ya mguu, na juu kidogo ya kisigino kidole kikazama. Palikuwa na shimo. Katika miaka yake yote ya kukanda hakuwahi kukutana na shimo mahali pale.

"Mshipa umeruka," alisema. "Utarudi, inshallah."

Hapo ndipo alipokosea. Angesema sijui, mambo yangekuwa mengine. Lakini mtu aliyezoea kujua hulemewa na neno hilo, na yule alikuwa mwanawe wa pekee, hangekubali amshinde. Akamkanda asubuhi na jioni kwa mafuta ya nazi na chumvi ya moto, wiki tatu nzima, akikikaza kidole kwenye lile shimo ili mshipa urudi. Matano akatembea kwa kuburura. Kila alipojaribu kuinua kisigino, mguu ulikataa katakata.

Mansur, mtoto wa dadake Bi Dhahabu, ndiye aliyechoka kutazama, akamvusha hadi hospitali. Daktari hakuzunguka. Ukano umekatika vipande viwili, alisema, na kwa kuwa siku zimepita, kila kipande kimejivuta upande wake. Wakamshona. Plasta, kisha kiatu kirefu cha plastiki kilichofika karibu na goti, na miezi ikaenda. Kilipovuliwa, shavu la mguu halikuwapo tena. Mguu wa kushoto ulikuwa wa muashi. Wa kulia ulikuwa mwembamba kama wa mtoto wa madrasa.

Sasa ni lazima ujue kwa nini mtu wa miaka arubaini na sita alilia kwa sababu ya shavu la mguu. Babake alipofariki, Matano alikuwa Voi akijenga. Alifika siku ya pili, kaburi limeshafukiwa. Mamake hakumlaumu. Alimwambia tu, "Babako ameshushwa na mikono nisiyoijua. Mimi utanishusha wewe." Matano akajibu inshallah, na tangu siku hiyo hakukosa maziko yoyote aliyoweza kuyafikia kwa miguu yake. Alijifunza kushika mabega ya maiti yasining'inie, kumgeuza bila kumtikisa, kufungua fundo la sanda kwa mkono mmoja. Alikuwa akijiandaa kwa siku moja, na sasa mama ana miaka themanini na mbili, kifua chake kinakoroma, na yeye hawezi hata kuchuchumia kutoa chungu rafuni.

Mtaalamu wa mazoezi pale hospitalini aliitwa Milcah, mwanamke wa bara, mwenye sauti ya upole na mikono isiyojua upole. Siku ya kwanza Bi Dhahabu alikwenda pamoja na mwanawe, akaketishwa kwenye benchi karibu na mlango. Milcah akaubinya mguu, akasoma karatasi, akakunja uso.

"Hii mguu ilikaa wiki tatu bila matibabu. Nani alikuwa anaikanda?"

Matano akatazama pangaboi likizunguka darini. Kwa miezi yote ile aliwaacha watu waseme maiti, maiti, ili mradi wasiseme Bi Dhahabu. Alikuwa tayari kuonekana mtu aliyekataliwa na kaburi maisha yake yote kuliko mamake aambiwe neno moja.

"Ni mimi, mwanangu," Bi Dhahabu akasema kutoka kwenye benchi. "Ni mimi niliyemkanda."

Milcah akageuka, akamwona bibi kizee ndani ya buibui, mikono mapajani. Sauti yake ikashuka. "Mama, haukujua."

"Sikujua. Na kutojua kwangu kumemla mguu mwanangu."

Kurudi, walipoteremka mteremko wa feri, Matano alimshika mkono, na haikujulikana nani anamsaidia nani. Walipofika nyumbani Bi Dhahabu aliichukua chupa yake ya mafuta akaiweka juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Waliobisha hodi na vifundo vilivyovimba walijibiwa kwamba Bi Dhahabu hakandi tena. Wakadhani ni uzee.

Milcah alikuwa amempa Matano kipimo kimoja. Asimame kwa mguu wa kulia peke yake, achuchumie polepole na kushuka polepole, mara ishirini. "Ukifika ishirini, nitakubali imepona. Chini ya hapo usijidanganye."

Matano akaanza kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, visigino vikining'inia nje. Kwanza miguu yote miwili. Kisha kupanda kwa miwili na kushuka kwa mmoja. Baadaye akajitwika mgongoni nusu gunia la mchanga wa kujengea. Shavu la mguu likawaka moto, likatetemeka, usingizini likakakamaa hadi akauma shuka. Miezi minne ilipopita alijaribu mguu mmoja. Kisigino kikainuka upana wa kidole, kikaanguka.

Watu nao hawakumpa nafasi. Kulipotokea maziko alikwenda na mkongojo wake, na Mansur akamvuta pembeni kwa adabu. "Kaka, pumzika. Watu wanaona vibaya." Akasimama nyuma na watoto, akatazama wengine wakishuka.

Ndipo alipoanza kudanganya. Asubuhi mama akiwa mkekani uani, yeye mlangoni alihesabu kwa sauti ili amsikie. Nane! Tisa! Kumi na mbili! Mama akisema alhamdulillahi, moyo wake ulitulia kidogo, na uongo ukanoga.

Asubuhi moja baada ya Alfajiri mama akamwita. "Njoo hapa karibu. Fanya tena, nikushike."

Hakuwa amemgusa mtu tangu siku ya hospitali. Matano akakokota kigoda hadi mkekani, akapanda, akashika nguzo ya kibaraza. Mkono wa mama ukapapasa, ukakaa juu ya shavu la mguu. Akachuchumia, moja, mbili, tatu.

"Mguu huu umelala, baba," mama akasema. "Wajivuta kwa mikono, na ule wa kushoto waugusisha kigodani. Wamdanganya nani?"

Matano akakosa pa kuuweka uso. "Nilitaka ufurahi, mama."

"Mikono hii ilikudanganya wiki tatu. Anatosha mwongo mmoja nyumba hii." Akavuta pumzi, kifua kikikoroma. "Mimi nataka kushushwa na wewe. Si kwa maneno. Toa mkono kwenye nguzo, weka kidole kimoja tu. Haya. Moja."

Asubuhi hiyo idadi ya kweli ilikuwa mbili.

Tangu hapo wakawa wawili kwenye kazi. Kila baada ya Alfajiri mama alihesabu na mkono wake ukawa askari. Kisigino kikikosa kufika juu, alirudia namba ileile. Matano akishuka haraka, alimpiga kofi la paja. "Polepole, kwani wafukuzwa?" Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mamake akitania tangu ile chupa ipande kabatini, na Matano, aliyekuwa akitokwa jasho hadi machoni, alifurahi sana. Wakafika nne. Wakakwama nne mwezi mzima, hata akataka kukitupa kigoda. Milcah akamwambia mguu una siku zake, aongeze mchanga. Akaongeza. Wakafika saba, wakafika kumi.

Upepo wa kusi ulipoanza kuvuma, kifua cha Bi Dhahabu kikazidi. Mkeka ukahamia ndani, kigoda kikahamia kando ya kitanda. Sauti ya kuhesabu ikawa ndogo, ikiruka namba kwa kukosa pumzi, lakini mkono haukukosea. Kumi na mbili. Kumi na nne.

Asubuhi ya mwisho alifika kumi na nne na nusu. Ya kumi na tano ilikataa njiani. Akabaki amesimama, akihema. Mama hakuuondoa mkono.

"Umekaza," akasema. "Haujatimia, lakini umekaza. Niletee chupa yangu."

Matano akaishusha, akaipangusa vumbi. Mama akamimina mafuta kiganjani, akayapasha kwa kusugua mikono, akamkanda. Hakubinya. Alipitisha viganja tu kuanzia chini ya goti, akapita juu ya kovu, akafika kisiginoni, akarudi juu. "Nisamehe, mwanangu," alisema. Matano akajibu kwamba hakuna la kusamehe, na mama akamwambia akae kimya, mtu akiombwa samahani hutoa.

"Nimekusamehe, mama," akasema.

Bi Dhahabu alifariki siku ya tatu yake, kabla ya adhuhuri.

Makaburini, jeneza lilipowekwa ukingoni, Mansur akavua viatu. Akamtazama Matano, akawatazama watu, ambao walikuwa wakinong'ona. Mzee mmoja akasema wazi kwamba si vizuri, kaburi lishawahi kumkataa mtu huyu, asije akamtia mamake mashakani.

Matano alikuwa amevumilia maneno hayo karibu mwaka na nusu. "Hakuna maiti aliyenipiga," akasema. "Ukano wa mguu ulikatika. Hukatika hivyo, mtu akahisi kapigwa. Nimeshonwa, nimefanya mazoezi. Na huyu ni mamangu. Nipisheni." Hakusema zaidi. La wiki tatu hakulisema, wala hajalisema mpaka leo.

Akashuka, na Mansur na nduguye wakashuka nyuma yake. Juu yao ikatandazwa shuka, kama inavyofanywa akizikwa mwanamke, na chini yake mkawa na kivuli. Ardhi ile ni ya mchanga, kaburi lilikuwa limechimbwa kina kirefu. Jeneza likainamishwa, na Matano, aliyesimama upande wa kichwa, akanyoosha mikono, akaona haifiki. Mguu wa kushoto haukuwa na pa kukanyaga, ulikuwa umebanwa na ukingo wa mwanandani. Umebaki wa kulia.

Akachuchumia.

Kisigino kikainuka, shavu la mguu likajikunja, na pale pale ulipokuwa ukikaa mkono wa mama akahisi moto anaoujua. Akayapokea mabega. Alikuwa mwepesi. Ya Rabi, alikuwa mwepesi kuliko ule mchanga! Miezi yote ile alijiandaa kwa uzito ambao mama hakuwa nao tena. Akakaa juu ya vidole mpaka wenzake wakapata kiuno na miguu, kisha akashuka polepole, hivyo hivyo alivyofunzwa, asimtikise. Wakamlaza. Akamgeuza kibla, akamfungua fundo, akauweka uso wa mama kwenye udongo.

Mbao zilipokwisha, wenzake wakatoka. Akabaki wa mwisho. Shuka ilikuwa imeondolewa, watu wameinama ukingoni kumtazama, na alijua wanangojea nini. Akauweka mguu wa kulia kwenye kidato, akajisukuma, akatoka.

Mansur alikuwa amemnyooshea mkono. Matano hakuhitaji mkono huo, alikuwa ameshasimama kwa miguu yake miwili. Lakini aliushika, akamvuta Mansur kifuani, akalia mbele ya watu wote.