Kianzio cha Mama Akinyi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama kwenye kiwanja chetu kidogo cha gofu nyuma ya mtaa wa Mashimoni. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi. Ramani niliichora mimi, na kila shimo nililiwekea kianzio kimoja tu, yaani mahali pa kupigia mpira wa kwanza. Kimoja kwa wote. Niliwaambia watu huo ndio usawa. Usiniulize kiburi hicho nilikitoa wapi.

Shimo la pili lilikuwa ng'ambo ya mtaro. Mama Akinyi, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka mtaa wa Kisumu Ndogo, ndiye aliyewashawishi wanawake wenzake waje kujifunza. Alipiga mpira, ukaingia mtaroni. Wa pili, mtaroni. Wa tatu vilevile. Wenzake wakaanza kujifunga leso tayari kuondoka.

"Huu mtaro ushanijua jina," akasema. "Wacha nirudi kwa omena wangu, hao hawanicheki."

Nilijua akienda wataenda wote, na kiwanja kitabaki cha vijana wenye mabega kama yangu. Hata hivyo nikabisha. "Ni mazoezi tu, mama. Mtaro ni uleule kwa kila mtu."

Mzee Ramadhani, Mnubi aliyewabebea wachezaji gofu mikoba tangu ujana wake, alinisogelea. Alinishika mkono akanirudisha nyuma ya kianzio changu, hatua themanini, mpaka kwenye ua wa mabati.

"Piga, msomi."

Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Mtaroni.

"Tena."

Mtaroni. Wanawake wananitazama. Jasho likanitoka.

"Ni mazoezi tu," mzee akasema.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi methali huzitilia shaka, lakini hiyo iliniuma mgongoni.

Kisha akamwomba Mama Akinyi apige mipira mitatu mahali pasipo na mtaro. Akaenda ulipotua ule wa katikati, si ule wa mbali kabisa, akahesabu hatua. Akavuka mtaro, na kutoka ukingo wa pili akahesabu hatua hizohizo kurudi upande wetu, akapunguza chache. Hapo tukachomeka vigingi viwili. Nikauliza kama tuvipake rangi ya wanawake, kama wafanyavyo kwenye viwanja vikubwa.

"Kwani mimi ni mwanamke?" mzee akasema. "Goti langu hili bovu litaanzia hapahapa."

Mama Akinyi akapiga. Mpira ukagonga ukingo wa pili, ukabingirika kurudi mtaroni. Nikafumba macho. Nikamsikia anacheka.

"Huo nimeuharibu mwenyewe. Leta mwingine."

Basi, mwanangu, ukipewa kazi ya kuwapangia watu mahali pa kuanzia, usipime kwa mkono wako. Kila ndege huruka kwa ubawa wake; nenda kwanza uone mpira wao unatua wapi. Usiwafukie mtaro, wanautaka. Waondolee tu ule usiovukika. Na ukijiona una hakika sana, ogopa kidogo. Mimi bado naogopa.

Mungu akupe mitaro unayoweza kuivuka, na siku utakapojisahau, akupe mtu wa kukurudisha mpaka kwenye mabati.