Siku Sita za Desanka

Basi la kutoka Serbia kwenda Viena lilikuwa limesimama mpakani mwa Hungaria tangu asubuhi, na ofisa kijana alikuwa akigeuzageuza pasipoti ya Desanka, mjane wa mwalimu Radovan wa mjini Niš, kana kwamba ameiokota jalalani.

"Mama, umeshakaa Viena siku themanini na nne. Zimebaki sita."

"Nilitoka! Nimekaa nyumbani wiki mbili. Nimemwashia mshumaa mtakatifu wa ukoo wetu, nimelisha watu arobaini. Hesabu imeanza upya."

"Haianzi upya. Mgeni ana siku tisini ndani ya kila siku mia na themanini, kwetu na Viena ni hesabu moja, hata ukitoka."

Damu ilimpanda kichwani. Mtaa mzima uliapa kwamba muhuri wa kutoka hufuta siku zote. Hata padri alisema hivyo, tena mezani kwake, siku ya mtakatifu. Na yeye, aliyefundisha hesabu miaka thelathini, aliwaamini! Siku themanini na nne amezimaliza kwa kumshonea binti yake Jelica mapazia, na Jelica atajifungua baada ya wiki tatu.

"Ingia tu, shangazi," Miodrag, dereva wa basi, alimnong'oneza. "Kaa mpaka mtoto atambae. Nani atakutafuta? Shemeji yangu anajificha kule mwaka wa nne huu."

"Huyo ni shemeji yako! Jina la Radovan halijawahi kuingia kwenye orodha ya wahalifu, na si mimi nitakayeliingiza."

"Haya, mjukuu atapokewa na jina, si na bibi yake."

Abiria waliangua kicheko. Desanka hakugeuka. Alimwona ofisa akiinua muhuri.

"Ukigonga, na leo inahesabiwa?"

"Inahesabiwa."

"Usigonge!" Aliichomoa pasipoti mkononi mwake. "Binti yangu anawaogesha wazee wa Viena mchana kutwa, halafu mama yake anahesabiwa siku kama mfungwa! Hizo sita ni za mtoto. Sizimalizi kwa kungojea tumbo."

Akashusha begi lake. Chupa za pilipili hoho za kuchoma akamkabidhi Miodrag ampelekee Jelica. "Na usionje, nimezihesabu."

Akaanza kurudi kwa miguu upande wa Serbia, kando ya foleni ya magari, simu sikioni.

"Jelica, acha kulia, nisikilize. Uchungu ukianza, nipigie mimi kwanza, kabla hujampigia daktari. Basi kutoka Niš linachukua saa kumi na mbili."