Mikebe Miwili ya Mama Mdogo

Mimi sina subira, na kila anayenijua anajua. Wiki ile ya kungoja majibu ya vinasaba sikuweza hata kukaa kitako. Tasnifu yangu yote ilitegemea swali moja: kuvu inayoua viwavi wa miombo, hawa tunaowala hapa Lubumbashi, ni aina mpya au ni ile inayojulikana tangu zamani?

Viwavi wenyewe nilipewa na mama mdogo, ambaye huwauza wakavu sokoni. Anapochambua mzigo huwatupa walioota ukungu. Safari hii aliniwekea, katika mikebe miwili ya maziwa ya unga. Niliipokea mlangoni kwake, mtaa wa Bel-Air, teksi ikinisubiri. Alianza kunieleza kitu, nikamwambia atanieleza siku nyingine.

Maabarani niliwamimina wote kwenye sahani moja. Kwenye hadubini chembe za uzazi za ile kuvu zilionekana, nyingine ndefu, nyingine za mviringo. Nikajisemea za mviringo ni changa tu. Nikakwangua huku kidogo na kule kidogo, nikatia katika kichupa kimoja, nikatuma nje ya nchi.

Majibu yalikuja hayasomeki. Herufi mbili za vinasaba ziligombea nafasi moja, mstari baada ya mstari. Nilipandwa na hasira, nikawaandikia wale wa maabara ya huko barua ya kuwalaumu kwa uchafu, na nikaituma kabla chai yangu haijapoa. Kisha nikaenda kwa mama mdogo kulalamika, maana sikuwa na pa kutulia.

Alinisikiliza hadi mwisho, mikono ikiendelea kuchambua.

"Nilikupatiaka bikopo mbili, mutoto yangu," alisema. "Moya ya ile iko na manyoya, ingine ya ile iko na bunga. Haiko bugonjwa moya. Juu ya nini ulichanganya?"

Yeye alizitenganisha kuvu mbili kwa macho matupu, ya manyoya mkebe huu na ya unga mkebe ule, mimi nikazichanganya kwa mkono wangu. Msimu wa viwavi ulikuwa umekwisha, profesa wangu alitaka sura ya tasnifu yenye majibu hayo mwisho wa mwezi, na nilikuwa nimewatukana watu bure. Niliona aibu ya kweli.

Mama mdogo alijifuta mikono, akaingia ndani, akarudi na mikebe mingine miwili, kila mmoja umefungwa kitambaa cha rangi yake.

"Nilichungaka ingine," alisema. "Minakujua."

Nje teksi iliyonileta ilipiga honi. Nilitoka nikaiambia iende, nikarudi, nikakaa, nikamwomba anieleze kile alichotaka kunieleza siku ile mlangoni.